Testbench yangu iliyoupa muhogo alama ya BON

Wakuu, hamjambo. Nawasalimu kutoka Kasongo, Maniema.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, aibu iliyomo inatosha kuwa kitoweo.

Mimi ni mzee. Shule yangu iliishia sekondari, mengine nimejifundisha kwa vitabu na kwa kuunguza vifaa vya watu. Miaka mingi nilitengeneza redio, baadaye nikaanza kuunda visanduku vya kuendesha pampu za sola. Ndani kuna chip niliyoiandikia code: boya likipanda na maji, pampu iwake, likishuka, izime.

Wateja wangu hasa wako Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kabambare. Kule mwenye shimo anaitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu, hata kama ofisi yake ni kiti cha plastiki chenye miguu mitatu.

Sasa, kisanduku hakiuzwi bila kupimwa. Nikaandika testbench kwenye laptop. Kwa asiyejua, ni code inayojifanya maji. Inakiambia kisanduku "maji yamepanda", mara "yameshuka", mara inatikisa boya ovyo ovyo, halafu inaangalia kama pampu imejibu sawasawa. Vipimo arobaini. Makosa yakiwa sifuri, skrini inaandika kwa kijani: BON, yaani "safi" kwa Kifaransa.

Mwanzoni haikuandika BON. Kila mara ilisimama njiani ikilalamika kwamba kisanduku hakijibu.

Nikaamua tatizo ni waya wa USB, ambao kweli ulikuwa umelegea. Badala ya kutafuta waya mwingine, nikaongeza mstari mmoja kwenye code: kisipojibu, ruka, endelea.

Wakuu, amani iliyoingia karakana siku ile!

BON, BON, BON.

Nikachongesha muhuri wenye neno hilo, nikawa naugonga kwenye kila kifuniko. Nikaanza hata kutembea polepole sokoni, kama mtu anayengoja kusalimiwa. Visanduku tisa vikaondoka na muhuri ule.

Kimoja kilikwenda kwa Mama Zaina, PDG wa shimo na mnunuzi wa dhahabu Salamabila. Wiki chache baadaye alishuka kwenye pikipiki mbele ya karakana yangu, amejaa vumbi, kisanduku kwapani.

"Papa, hii kitu yako ilitaka kuniulia mutu."

Mdogo wake, Assumani, alikuwa chini ya shimo. Mvua ikanyesha, maji yakaingia kwa fujo, boya likarukaruka, kisanduku kikaganda. Pampu kimya. Walimvuta kwa kamba maji yakiwa shingoni, mguu umevunjwa na jiwe.

Na mimi, badala ya kusema pole, nilisema nini?

"Mama, haiwezekani. Kilipata BON."

Sentensi hiyo nimeifuta mara tatu kabla ya kuituma hapa. Naiacha.

Hakupiga kelele. Akaketi. "Pima tena, niko naangalia."

Nikapima. BON. Nikamgeuzia skrini aone vizuri.

"Papa, iko siku hii mashine yako ilikatala kitu?"

"Hapana, Mama. Hata siku moja."

"Basi haipimi. Inasifu."

Akaniambia: "Miye kila asubuhi, mbele ninunue dhahabu ya mutu, asidi ya kuipima naijaribu kwanza kwa shaba. Isipokula shaba, ile asidi imekufa, namwaga. Sasa wewe, shaba yako iko wapi?"

Sikuwa nayo. Akachomoa waya kwenye kisanduku, akauchomeka kwenye muhogo wa kuchemsha uliokuwa kwenye sahani yangu.

"Pima."

Vipimo arobaini. Kijani. BON.

Jirani yangu fundi cherehani alikuwa amechungulia mlangoni. "Mzee, gonga muhuri basi, tuupeleke Salamabila!"

Mama Zaina hakucheka.

Ndipo nikafungua log, kumbukumbu ya kila kipimo, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Nani husoma barua ya pongezi hadi mwisho? Kisanduku chake kilikuwa kimejibu vipimo sita. Cha saba kilikuwa cha kutikisa boya. Kikaganda, na testbench yangu ikaruka thelathini na vinne vilivyobaki kwa heshima zote. Ruka. Ruka. Ruka. Malalamiko yale ya mwanzo hayakuwa waya peke yake. Code ilikuwa ikinionya, mimi nikaiziba mdomo.

Nilifuta mstari ule mbele yake. Sasa kimya ni kosa. Testbench inahesabu pia majibu iliyoyalinganisha kweli. Yasipofika arobaini, hakuna BON. Mitikisiko inazaliwa na namba ya kubahatisha, kwa hiyo namba hiyo naiandika kwenye log, ili bug ikitokea niirudishe ileile badala ya kuiotea.

Na bug yenyewe? Boya likibadilika kabla chip haijamaliza badiliko la kwanza, code yangu ilijingoja yenyewe milele.

Kuitengeneza ilikuwa mistari miwili. Mguu wa Assumani hadi leo haujanyooka.

Mama Zaina nilimpa kisanduku kipya. Kile kibovu sikukigusa. Kinakaa mezani, jina lake Shaba. Kila asubuhi nampima Shaba kwanza. Testbench isipomkataa, siku hiyo sipimi kingine.

Vingine nimevifuata kwa pikipiki hadi Wamaza na Nyangwe. Ukimhesabu Shaba, nimepata vinane.

Ninyi mnaoandika testbench kila siku, niambieni: mstari wenu wa "ruka" uko wapi? Nitukaneni pia, nitasoma yote, safari hii hadi mwisho.

Ila cha tisa sijakipata. Aliyekinunua alimpa mwenzake, naye akahama na wachimbaji wengine, hakuna ajuaye walikoelekea. Ni cha bluu, muhuri mwekundu wa BON kwenye kifuniko. Ukikiona kwenye shimo lolote, toa watu kwanza. Kuniandikia ni baadaye.