Magongo Yaliyofungiwa Dukani

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, hata ninapojitahidi kuisahau. Ni siku tuliyomzika shangazi yangu, dada ya baba, kwetu huko juu ya Wundanyi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya, nimetoka chuoni na kiherehere changu chote. Nilikuwa na saa ya mkononi, na kwa sababu hiyo tu wazee wa kamati wakanikabidhi ratiba ya mazishi. Ukimpa kijana saa na daftari, ujue umempa ufalme.

Shangazi aliacha watoto watano. Kifungua mimba wake alikuwa kaka Mwakio, fundi wa redio pale Voi, mtaa wa Kaloleni. Miguu yake ilipooza akiwa mdogo, akawa anatembea kwa magongo mawili. Usidhani alikuwa mtu wa kushinda ndani. Sokoni alienda, kanisani alienda, na kwa utani hukuwa na ubavu wa kushindana naye. Sasa, kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza juu ya jeneza la mzazi wake. Pasta akishamaliza maneno yake, watu wote hunyamaza wakamtazama yeye. Kwa hiyo katika umati wote ule, hakuna aliyestahili kufika kaburini kuliko Mwakio.

Gari lenye jeneza lilifika mwisho wa barabara saa tatu asubuhi, mbele ya duka moja dogo. Kutoka hapo hadi kwa shangazi ni njia ya miguu tu, inapanda katikati ya mashamba, na wiki ile mvua ilikuwa imeifanya tope tupu. Ilibidi vijana walibebe jeneza mabegani kwa kupokezana. Mwakio alishuka garini na mkewe, wifi yangu Mkawasi, akajiweka sawa kwenye magongo yake, akaniita.

"Wakesho, mimi wacha nianze kupanda saa hii. Nyinyi mkunywe chai, mtanipata mbele."

Niliyaangalia magongo, nikaliangalia tope, kisha nikaiangalia saa yangu. Pasta alikuwa na mazishi mengine alasiri, kijiji cha pili. Nikaona Mwakio akianguka njiani msafara utasimama na ratiba yangu itaharibika. Tena nilimhurumia, usinielewe vibaya. Nilimhurumia kwa dhati kabisa. Lakini unajua sikumjibu yeye? Niligeuka nikamwambia mkewe.

"Wifi, mwambie akae tu hapa kwa duka. Njia inateleza. Tutamletea chakula, na mdogo wake atatupa udongo kwa niaba yake."

"Si umwambie mwenyewe?" Mkawasi akasema. "Anakusikia."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Papo hapo Mkawasi akaitwa juu, maana yeye ndiye mke wa mwana mkubwa na akina mama walikuwa wanamngojea nyumbani. Akaondoka akijua mumewe atafuata polepole. Mimi nikaleta kiti kibarazani nikamketisha Mwakio. Nikachukua magongo yake nikayaegesha ndani ya duka, yasilowe na manyunyu. Aliniambia, "Wakesho, hapana," mara mbili. Nikampigapiga begani kama unavyombembeleza mtoto, nikaenda zangu kuhesabu mashada ya maua.

Mwenye duka alikuwa jirani wa marehemu. Msafara ulipoanza alifunga mlango kwa kufuli akaungana nasi, kwa sababu kwetu siku ya mazishi hakuna anayebaki akiuza sukari. Hakujua kwamba ndani kuna magongo ya mtu. Mimi nilikuwa nimeshatangulia na daftari langu. Baadaye Mwakio alisema alituita sana. Hatukumsikia, tulikuwa tunaimba.

Haraka haraka haina baraka, lakini siku ile mimi niliona baraka tupu. Kila kitu kilienda kwa wakati wake. Mara mbili nilimwona Mkawasi akigeuza shingo kutazama njia, na mara ya pili akaniuliza mumewe yuko wapi. Nikamwambia amepumzika, asiwe na wasiwasi, pasta ameshafungua kitabu. Alinitazama kwa macho ambayo sikuwa na muda wa kuyasoma. Mdogo wake Mwakio akatupa udongo. Majembe yakafuata. Tulimaliza dakika kumi kabla ya saa niliyoandika, na nitakuambia ukweli, nilijisikia fahari.

Tulikuwa tunapanga mashada juu ya kaburi watu wa upande wa njia walipoanza kusimama mmoja mmoja. Nikageuka. Mwakio alikuwa anakuja kwa makalio, mgongo ukitangulia, akijisukuma kwa mikono na miguu ikiburutika ikimfuata. Alikuwa amekipanda kilima chote hivyo. Suti aliyoishonesha kwa ajili ya mama yake ilikuwa tope mpaka kifuani, na viganja vilikuwa vimechunika. Vijana wawili wakakimbia kumwinua.

"Msinishike," akasema. "Nimebakisha kidogo."

Basi tukasimama, watu wazima zaidi ya mia mbili, tukimngoja amalize hizo hatua chache. Kumngoja kumbe kuliwezekana. Alipofika aliliangalia lile tuta la udongo na mashada yake, akauliza polepole, "Mmeshamaliza?"

Mkawasi alipiga magoti kando yake akalia kwa sauti.

Baba mkubwa wangu, ndugu mkubwa wa marehemu, alikuwa ameketi karibu na pasta. Alikuwa mzee wa maneno machache, maneno yakimtoka ni kama ameyanunua. Akaniita mbele ya watu wote.

"Wakesho, jeneza lina miguu mingapi?"

"Halina miguu, baba mkubwa."

"Na limefika."

Mwanangu, afadhali angenichapa. Wanaume wanane walikuwa wamebeba mzigo ule kwenye utelezi, wakipumzika wakichoka, wakingojana, na hakuna aliyelalamika kwamba tunachelewa. Aliyekufa tulikuwa na subira naye. Aliye hai nilimnyima hata ruhusa ya kutangulia. Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga, na mimi aliye chini sikumngoja, miguu yake niliifungia dukani.

Mwakio alichota udongo kwa mkono wake akauweka juu ya mashada, akamwambia mama yake maneno ambayo hayakutuhusu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Udongo wa kwanza ulikuwa chini kabisa na haukuwa wake, na hapakuwa na ratiba ya kulirekebisha hilo.

Baada ya wiki moja niliteremka Voi kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu kwa moyo, na aliniacha niyamalize yote. Kisha akasema, "Mimi sikuomba kubebwa, Wakesho. Niliomba kutangulia." Hakukasirika, na hiyo iliniuma zaidi. Akafunga redio aliyokuwa anatengeneza, akachukua bahasha yenye karatasi za posta. "Nina kifurushi posta. Kama una nafasi, twende."

Tukaenda. Ni mwendo ambao mimi naumaliza kwa dakika kumi, na ulituchukua zaidi ya nusu saa. Gari lilikuwa limeegeshwa juu ya njia ya waendao kwa miguu, ikabidi Mwakio ateremke barabarani katikati ya malori. Mama mmoja alimvuta mtoto wake pembeni kana kwamba magongo yanaambukiza. Mzee mmoja alimwambia pole, na hakukuwa na jambo lolote la kupewa pole, jua lilikuwa zuri na sisi tulikuwa tunacheka. Mlangoni pa posta palikuwa na ngazi tano. Nikanyoosha mikono yote miwili kumshika kiuno.

"Shika hii bahasha," akaniambia. "Mkono wangu nauhitaji."

Nikashika bahasha. Akapanda mwenyewe. Tulipofika dirishani karani alimpita kwa macho akaniuliza mimi, "Huyu anataka nini?" Mdomo wangu ulishafunguka nimjibu, mwanangu, mazoea yana taabu. Nikakumbuka maneno ya Mkawasi, nikasema, "Muulize, anakusikia." Mwakio akaeleza shida yake kwa sauti ya mtu mwenye kazi inayomngoja, na kifurushi kikatoka.

Hujafa hujaumbika. Leo magoti yangu yamestaafu, na ninatembea nikisukuma fremu ya chuma. Juzi nilipelekwa kliniki moja mjini na mjukuu wangu, msichana mzuri mwenye adabu zake. Muuguzi akamuuliza yeye, "Nyanya anaumwa wapi?" Naye akajibu vizuri kabisa, akanieleza mimi kama gari bovu, huku nimeketi hapo katikati yao na akili zangu zote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sikuwakasirikia. Ugonjwa wao naujua, niliuugua nikiwa na umri wao. Niligonga fremu yangu sakafuni nikasema, "Mimi ndiye naumwa, niulizeni mimi." Tukacheka, na muuguzi akavuta kiti akaketi mbele yangu.

Mwakio yupo, amezeeka kama mimi. Hajawahi kutamka kwamba amenisamehe, lakini redio yangu ikiharibika huitengeneza kabla ya zote. Nami kila nikikutana naye huiangalia mikono yake kwanza.

Basi nisikilize. Ukimwona mtu anayetembea kwa shida, usimwamulie mahali pa kukaa, na usimwinue kabla hajasema. Muulize yeye, si yule aliye kando yake. Kuuliza si ujinga. Akikuambia shika bahasha, shika bahasha. Akitaka kutangulia, mpishe. Gongo lake au kiti chake usikiguse bila ruhusa, hata kwa nia njema, maana hiyo ni miguu yake. Usiegeshe pikipiki yako mahali anapopita. Na siku ukipewa ratiba, ukumbuke kwamba iliandikwa na mtu, na mtu anaweza kuifuta akaiandika upya. Huruma yako ni nzuri, nami nimeiona, usiiache. Ila uifundishe kusikiliza.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha kila mahali unapopendwa. Na itakapochoka, kwa kuwa itachoka, akujalie watu watakaokuuliza unataka kuondoka saa ngapi, na wasianze kabla hujafika.