Mwalimu Karimi na Nusu ya Mwezi

Utotoni mwangu kule Kiirua, mwezi haukunyooshewa kidole. Nyanya alisema kidole kingepinda kisinyooke tena, na aliyekulazimisha angepatwa na aibu kabla ya jua kutua. Kwa hiyo tulionyeshana mwezi kwa ngumi. Hata leo nikimwona mzee akifanya hivyo, simcheki.

Nilikuwa darasa la tano Mwalimu Karimi alipoletwa shuleni kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Alikuwa binti wa jirani, wa kwanza kijijini kwenda chuo cha ualimu, na tulimpenda kwa sababu hakushika kiboko. Siku ya somo lake la mwisho, mkufunzi wake alikuja kumpima. Akishindwa, cheti hakuna.

Alitutoa nje asubuhi. Jua lilikuwa mashariki, upande wa Ruiri, na nusu ya mwezi, nyeupe kama kiazi kilichomenywa, ilikuwa bado juu upande wa mlima.

"Mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha dunia huufunika," alitueleza. "Makena, hebu tuonyeshe mwezi."

Nikainua ngumi.

"Kwa kidole, Makena."

"Nyanya alikataa."

"Anataka kuupiga mwezi," Mutuma alisema nyuma yangu, na darasa zima likacheka. Mwalimu Karimi naye alicheka kidogo, akanishika mkono kwa upole, akakinyoosha kidole changu yeye mwenyewe.

Mkufunzi hakucheka. "Mwalimu, jua lile pale juu. Mwezi ule kule juu. Dunia tumeikanyaga. Sasa imeingiaje katikati yao ikaweka kivuli?"

Mwalimu Karimi alitazama jua, akatazama mwezi, kisha akatazama viatu vyake.

"Ndivyo tulivyosoma, bwana," alisema kwa sauti ya chini.

Mkufunzi aliandika, akaenda zake. Jibu lenyewe hakutuachia.

Jioni nilimsimulia Nyanya. "Si nilikuambia," alisema, akaendelea kuchambua maharagwe. Habari zilipokuja kwamba Mwalimu Karimi ameanguka, nilijua ni mimi niliyemwangusha. Nilikuwa nikimwona njiani, najificha nyuma ya ua wa miiba wa kei-apple mpaka apite.

Hakurudi chuoni. Alinunua cherehani, akaanza kushona sare za shule pale sokoni. Mimi nilikua, nikaenda chuo kingine, nikafuzu vizuri. Nilipopita kumsalimia na cheti changu, alinipongeza kwa moyo, kisha akaniuliza huku akipima kitambaa:

"Sasa, Mwalimu Makena, ni nini hukata mwezi?"

"Kivuli cha dunia," nilisema bila kufikiri. "Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikawekewa tiki."

Akaacha kupima. "Basi mimi nilianguka kwa nini?"

Nilikunja cheti changu, nikamuaga.

Ilinichukua miaka kuelewa. Nilichomeka kiazi kwenye kijiti, nikakiinua juani na kujizungusha nacho polepole. Nusu yake ilibaki na mwanga wakati wote. Kilichobadilika ni kiasi cha nusu hiyo nilichoweza kukiona. Hakuna kivuli cha dunia hapo, ila mwezi unapopatwa. Siku hizi nafundisha wanaojiandaa kuwa walimu, na karibu kila darasa linalokuja husema kivuli, kwa uhakika wote. Siwakemei. Nawagawia viazi, natoka nao nje.

Nyanya sikumlaumu kamwe. Imani yake ilinitia hofu tu. Kinachoniumiza ni kwamba watu wawili walitoa jibu moja lenye kosa, mmoja akapewa darasa, mwingine akapewa aibu mbele ya watoto wa jirani zake. Aliyepewa darasa ni mimi.

Mwalimu Karimi bado anashona. Nampelekea sare za wajukuu wangu azirekebishe, tunaongea juu ya mvua na bei ya viazi. Nimewaeleza wanafunzi wengi jambo la mwezi, mmoja mmoja, bila kuchoka. Yeye bado sijamweleza.