Nilivyokwenda Amu Kuulizia Nti ya Zamu

Nilipokuwa mdogo Amu, yaani Lamu, mwalimu mmoja wa kutoka bara aliniita ubaoni niandike "nchi yetu". Nikaandika "nti yetu", maana ndivyo alivyosema mamangu, na mamake kabla yake. Darasa likacheka. Hata waliokuwa wakisema nti kwao walicheka, tena wao ndio waliozidi. Mwalimu akaniambia nifute, niandike upya. Nikafuta, nikaandika nti. Si ukaidi, mkono ulikuwa umezoea. Walipocheka mara ya pili nikaweka chaki chini, nikatoka mlangoni, nikawapita punda waliofungwa nje, wala sikurudi tena. Ndiyo shule yangu yote hiyo. Kuandika nimejikazania mwenyewe ukubwani, basi ukiona herufi imekosea ndia, yaani njia, wewe usinicheke.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu Mwanaesha. Mimi nilioa Chundwa, kisiwani Pate, nikahamia huko kulima, na huko ndiko nilikomlea huyu mtoto baada ya babake, mwanangu, kufariki. Siku moja akaniambia, "Babu, nimepata nafasi chuo kikuu Ngazija, kule Komoro." Sasa sisi tukitaja chuo, twajua ni pale mtoto anapofundishwa Kurani. Chuo kikuu basi nikajua ni hicho hicho, ila kikubwa. Nikafurahi! Nikaenda barazani nikawatangazia wenzangu kuwa mjukuu wangu aenda Ngazija kuhifadhi msahafu wote. Wakamwombea dua. Hata Bwana Lali, ambaye hakubali jambo la mtu, aliitikia amina.

Wiki haikwisha, ukweli ukatoka: aenda kusomea utawala wa serikali. Bwana Lali akashika mbavu. "Ya Rabi! Kumbe tumemwombea dua rais!" Nikaona haya, nikasema mbele ya wote kwamba nitakwenda Amu kuonana na bibi mmoja aliyemtafutia nafasi hiyo, na nikirudi habari hiyo imekwisha. Mwanaesha alisikia. Bila ruhusa yangu haendi, naye alijua.

Asubuhi tukatoka Chundwa kwa pikipiki, kila mmoja yake, mpaka gatini Mtangawanda. Zamani tulikwenda kwa punda, na punda akiona shimo husimama, hangojei umwambie. Kijana wa pikipiki yeye huongeza mwendo. Kwenye boti Mwanaesha alikumbatia mkoba wake akatazama mikoko ikipita, nami nikajifanya nasinzia.

Amu tulipanda vichochoro mpaka nyumbani kwa yule bibi. Ndia ile hupita karibu na iliyokuwa shule yangu. Sikuitazama. Mwenyeji wetu aitwa Bi Sitti, Mngazija aliyeolewa Amu, mwalimu, mcheshi. Akatuwekea chai ya tangawizi na mikate ya mofa.

"Bi Sitti," nikamwambia, "nisikuzungushe. Nimekuja kukataa."

"Kataa, Bwana. Lakini kula kwanza, usije ukakataa kwa sababu ya ndaa."

Nikala. Ili nisikae kama jiwe nikauliza, "Huko kwenu rais ni mtu wa kisiwa gani?"

"Hutegemea zamu."

"Zamu? Kama ya kisimani?"

"Kama ya kisimani. Tuna visiwa vitatu katika serikali moja: Ngazija, Nzuwani na Mwali. Watu waligombana mpaka wengine wakataka kujitenga. Ndipo wakapatana, urais uzunguke, kisiwa baada ya kisiwa. Na kila kisiwa kina gavana wake."

"Hata kile kidogo?"

"Mwali? Kimeshatoa rais."

Nikaacha kutafuna. Chundwa pale, zamu ya maji tu, watu wazima hurushiana ndoo. Hawa wamezungusha urais!

"Na wote huiheshimu?"

Bi Sitti akacheka. "Bwana, ni binadamu wale. Sheria ilibadilishwa, sasa rais aweza kukaa vipindi viwili kabla zamu haijahama. Wako walionung'unika, nami mmoja wao. Lakini zamu bado imo."

Nilipenda alivyoniambia na ubaya wake. Akaniambia pia kwamba yeye alipomaliza sekondari hapakuwa na chuo kikuu huko. Mwenye kutaka elimu alihama, Bukini, yaani Madagaska, au Ufaransa, au Uarabuni, na wengi hawakurudi. Sasa kipo chao wenyewe, na matawi yake yako Nzuwani na Mwali. Nti ya visiwa vitatu ikasema watoto wetu wasomee kwetu!

"Wafundishwa kwa lugha gani?" nikauliza.

"Kifaransa na Kiarabu. Nisikudanganye. Mwanaesha Kifaransa alikisoma sekondari, ataweza. Lakini nje ya darasa hata waziri huita nchi yake ntsi."

Nikaweka kikombe chini. "Huiita nini?"

"Ntsi. Ninyi Amu si mwasema nti? Neno ni moja. Na lugha yetu hiyo, kwa sheria, ni ya serikali."

Nikamwomba aliseme tena. Akalisema. Mwanaesha alikuwa akinitazama mdomoni, kama amtazamaye mgonjwa aone kama amemeza dawa. Mimi nikaomba chai nyingine.

Kurudi, nilikaa mbele ya boti peke yangu, nikawaza. Niliyojifunza ni haya: kwamba kutawala nako kuna chuo chake, na kwamba kosa langu la ubaoni ni neno la mawaziri wa nti nyingine, upande wa pili wa bahari hii hii.

Baada ya alasiri Mwanaesha alitangulia nyumbani, mimi nikapita barazani kwanza, maana nilikuwa nimewaahidi jibu. Nikapewa kahawa.

"Haya," akasema Bwana Lali, "rais amejiuzulu?"

"Ataondoka mwezi ukiandama, inshallah. Aenda kwenye nti ya zamu."

"Nti!" Bwana Lali akawageukia wenzake. "Mzee mzima, nchi imemshinda kuitamka, ndiye ampelekaye mtoto chuo kikuu!"

Wakacheka, kicheko kile kile cha darasani. Nikaiweka kahawa chini, yafuka moshi bado. Nikavaa makubadhi yangu, nikashika ndia ya nyumbani, ambako Mwanaesha alikuwa bado hajaambiwa. Baraza ile sikuirudia tena.