Kaseti ya Persis Juu ya Meko

Wifi yangu Persis hakujua kusoma, wala hakuona haya kusema hivyo. Kilichomuudhi ni barua. Barua ya mtu asiyejua kusoma, alikuwa akisema, hupitia mdomoni mwa mtu mwingine kabla ya kumfikia mwenyewe, na mdomo huo nao una majirani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, tena dada wa mumewe, na nilikuwa radhi kabisa kumsomea. Alinishukuru, akanikaribisha uji, na barua akaifutika kifuani. Kijijini kwetu, karibu na Nyamira, mdomo wangu unajulikana, sitabisha.

Kaka yangu Ondieki alikuwa kibarua wa kiwanda Nairobi. Alipoona barua zake hazijibiwi, alinunua redio mbili za kaseti zilizokwisha kutumika, moja akabaki nayo na nyingine akamletea mkewe. Tangu hapo wakawa wanaandikiana kwa sauti. Ondieki alizungumza kwenye kaseti, akamkabidhi jirani yetu Joash, mwenzake wa kiwandani, na Joash akija nyumbani mwisho wa mwezi aliifikisha kwa Persis. Persis alifunga mlango, akasikiliza, akajibu, kisha Joash akairudisha Nairobi.

Kaseti yenyewe ilikuwa moja tu. Kaka yangu alikuwa mkono wa birika, Mungu amrehemu, na kaseti ya pili aliiona anasa. Upande mmoja ulikuwa na nyimbo za kwaya ya kanisa letu, alimokuwa akiimba besi, na huo haukuguswa. Upande wa pili ndio uliokuwa wa maneno yao, kila mmoja akirekodi juu ya maneno ya mwenzake. Basi ubahili ule ukazaa desturi. Persis hakufuta neno la mumewe mpaka awe amelisikia vizuri na jibu analo. Neno likifutwa, maana yake limepokelewa.

Mwaka wa tisini na moja Joash alileta kaseti Persis akiwa na mimba kubwa. Kabla hajaijibu, habari zikaja kwamba Ondieki ameugua ghafla na amefariki. Tulimzika kando ya nyumba yake. Mtoto wao wa kwanza, ambaye ndiye alikuwa wa mwisho, alizaliwa baada ya matanga. Alikuwa mvulana, na mamake alimwita Tata, yaani baba, kama watoto wa kiume wanavyobembelezwa kwetu. Nasi wengine tukafuata.

Kaseti ikabaki bila jibu, kwa sababu kujibu kungekuwa kumfuta mwenye maneno.

Niliwahi kumshauri anunue kaseti nyingine ajibu humo, roho yake itulie. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeropoka mbele ya wageni. Alisema jibu hukaa mahali pa swali. Basi kila alipopata betri mpya alifunga mlango na kumsikiliza mumewe. Nilipopita kuomba chumvi, nilisikia ukutani mngurumo tu wa sauti ya kiume, na ingawa miguu yangu ilipunguza mwendo yenyewe, sikuambulia hata neno.

Kisha ikaja mvua ya El Nino. Wanaoikumbuka wanajua. Unga uliota kuvu ndani ya debe, nguo za kanisani zikanuka, na kuta za nyumba ya Persis zikawa zinatoka jasho. Akaichukua redio, kaseti ikiwa ndani, akaipandisha kwenye irongo, ile dari ya miti iliyo juu ya meko, alikoweka wimbi na mahindi ya mbegu. Kwetu, kitu unachotaka kukikuta hai msimu ujao unakiweka moshini. Dumuzi hawakaribii, unyevu haufiki. Mamake alifanya hivyo, na nyanyake. Hakuna mwanamke wa Kisii ambaye angemlaumu, mimi nikiwa wa kwanza, maana ningefanya vivyo hivyo na elimu yangu yote.

Lakini moshi unaoifaa mbegu hauifai kaseti. Mvua ilipoisha aliishusha redio ikiwa nyeusi, inanata. Akatia betri, akabonyeza. Redio ilitoa mlio wa ng'ombe anayezaa, ikaumeza mkanda, ikanyamaza.

Alikuja kwangu akiwa ameifunga kwenye leso, ameibeba kifuani kama mama anayempeleka mtoto hospitali. Alikaa kitini bila kusalimu.

"Nimemchoma, wifi," alisema.

Nilimshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona akilia.

Fundi mmoja wa Nyamira aliitazama redio mlangoni tu, akasema maji yakimwagika hayazoleki, tununue nyingine. Nilimpa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatoa mbele ya duka la watu. Nikamwambia Persis twende Kisii mjini, kwa Shariff, aliyewahi kuitengeneza redio ya shule yetu.

Tukiwa njiani, labda kwa sababu ya hofu, Persis alinifungulia kidogo yaliyokuwa kwenye kaseti. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia, na baba yetu Nyangate alikuwa ameaga mwaka mmoja kabla ya kaseti hiyo. Ondieki alisema mtoto akiwa mvulana aitwe Nyangate, kisha akauliza, "Wewe unasemaje?" Mkanda ukaishia hapo. Persis alikuwa amelibeba swali hilo miaka yote, na sasa aliogopa kwamba lenyewe halipo tena, amebaki na jibu lisilo na mahali pa kukaa.

Shariff alikuwa na kibanda chembamba nyuma ya soko, redio zilizofunguliwa matumbo zimejaa hadi juu. Ni mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma, na babu yake alifika Kisii na biashara ya ngozi. Alitusalimu kwa Ekegusii, "Bwakire", kama mtu wa nyumbani. Mimi nilifurahi. Persis aliikaza leso yake.

"Baba, wewe unasikia Kikisii?" akamuuliza kwa Kiswahili.

"Nimezaliwa hapa, mama. Nasikia yote."

"Basi wacha tu. Hii ni maneno yangu na mzee."

Nusura nipasuke. Safari yote ile, na mtu wa kuiokoa kaseti amepatikana, kumbe kosa lake ni kuijua lugha yetu! Nilifungua mdomo, Persis akanikanyaga mguu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye alikuwa kata.

Shariff hakukasirika. Aliuliza kama mzee yupo. Persis akatikisa kichwa. Yule bwana akateremsha kutoka rafuni mashine ya milango miwili ya kaseti, yenye kidirisha na sindano ndani yake.

"Mimi si lazima nisikie, mama," alisema. "Hii sindano ikiruka, mtu anaongea. Ikilala, amenyamaza. Nitanakili kwa macho. Na spika nitazitoa kabisa, wewe uzishike."

Akazichomoa spika zote mbili, akampa. Persis akazipakata mapajani, akamsogezea ile redio.

Shariff hakuivuta kaseti. Aliifungua redio yote kuizunguka, kwa sababu mipira ya ndani ilikuwa imeyeyuka ikawa lami. Kasha la kaseti lilikuwa limepinda. Alilegeza skrubu zake ndogo, akautoa mkanda na kuuhamishia kwenye kasha jipya tulilonunua dukani kwa akina Praful, mtaa wa pili. Mkanda ulikuwa mzima isipokuwa mwanzoni, redio ilipoutafuna. Hapo ilibidi akate kipande kifupi na kuunga kwa selotepu. Alimuuliza Persis kwanza. Persis alifikiri, akihesabu maneno moyoni, kisha akasema akate.

"Hapo anasalimia watu," akaniambia. "Wewe umo."

Yaani katika kaseti nzima, salamu zangu ndizo zilizokatwa. Nikamuuliza, kwa sauti iliyonisaliti, kaka yangu alikuwa amesema nini.

"Alisema, 'Msalimie dada yangu, umwambie apunguze maneno. Lakini asipunguze sana, nyumba itakuwa baridi.'"

Nililia palepale kwenye kibanda cha watu. Kumbe wifi yangu alikuwa amenitunzia salamu hizo kichwani miaka yote. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema hazikuwa zimejibiwa.

Shariff aliweka kaseti ya zamani mlango mmoja na kaseti tupu mlango wa pili, akabonyeza. Sindano ililala. Ikaendelea kulala, na Persis akazishika spika kwa nguvu. Halafu ikaruka.

Ilicheza kidirishani, ikipanda na kushuka, na kibanda kiko kimya kabisa. Midomo ya Persis ilikuwa ikienda nayo pamoja, kwani alijua kila neno. Sindano iliporuka ghafla alisema, "Hapo anakohoa." Mbele kidogo ikatetemeka, naye akatabasamu: "Hapo anacheka. Amekumbuka yule jogoo." Shariff alikuwa ametupa mgongo, akitazama barabara. Sindano ilipanda kwa mara ya mwisho, ikashuka, mkanda ukaisha. Swali lilikuwepo. Mungu si Athumani.

Tulirudi na kaseti mbili. Jumapili iliyofuata Persis alituma niitwe, nije na redio yangu ya kaseti, kwa kuwa ile yake haikupona. Nilimkuta amevaa nguo ya kanisani, na Tata amepakwa mafuta hadi magotini. Aliniingiza, akafunga mlango, nami nikiwa ndani. Nilikaa kwenye kigoda kama mgeni wa heshima na sikuthubutu kusema neno.

Ile nakala mpya aliiweka kabatini, mbali na moto. Kaseti ya zamani akaitia redioni, akabonyeza kitufe chekundu.

"Mzee wangu," alianza, "nimepata maneno yako. Nimechelewa kujibu, unisamehe." Akampa habari za nyumbani kwa utaratibu, kama anayempigia hodi mtu aliye chumba cha pili. Ng'ombe mwekundu ana ndama. Mparachichi ulioupanda unazaa. Dada yako yuko hapa, amenyamaza, hutaamini. Mvua ilikuwa kubwa, nusura nikupoteze mara ya pili.

"Uliuliza habari ya jina. Nilikuwa nimekubali lile la baba yako, nilitaka kukujibu hivyo. Halafu wewe ukatangulia."

Persis alikuwa mke wa adabu ya kizamani, na maisha yake yote hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina. Mkanda ulikuwa unazunguka. Akamvuta mtoto karibu na redio.

"Mwambie baba unaitwa nani."

Tata aliinama mpaka midomo yake ikagusa redio.

"Ondieki," akasema.