Mwalimu Aliyefundisha Jinsi Seli Inavyomeza

Habari ya kifo chake niliipata Ukunda, dukani, nikingoja kupimiwa sukari. Muuzaji aliinua macho kutoka kwenye mizani akaniambia kuwa mwalimu wetu wa sayansi ametutoka alfajiri, na kwamba maziko ni Mwabungo baada ya sala ya alasiri. Nikasema inna lillahi, nikachukua sukari yangu, nikatoka. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba safu hii siku hizi inazika kuliko inavyozungumza, na nasema kweli, nimechoka. Lakini huyu tulifundisha naye shule moja huko Msambweni, yeye sayansi na mimi Kiswahili, katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na nikimnyamazia nitakuwa nimemdhulumu.

Shule ilikuwa na hadubini moja, nayo lenzi zake zilikwishaingia ukungu. Kwa hiyo alipofika kwenye somo la namna seli, zile chembe hai ambazo miili yetu imeundwa nazo, zinavyoingiza na kutoa vitu, alikuja darasani na donge la unga wa ngano uliokandwa, na kokwa ya tende. Nilikuwa nyuma ya darasa nikisahihisha insha, kalamu ikasimama yenyewe. Maji na hewa, alisema, hupenya utando wa seli bila taabu. Kitu kikubwa hakipenyi hivyo, wala hakuna mlango wa kukitosha. Hapo utando wenyewe hubonyea, ukakizunguka kile kitu, ukafumba, kikabaki ndani kimefungwa katika kifuko kilichomeguka kwenye utando uleule. Akaibonyeza kokwa mpaka unga ukaifunika. Kutoa nako ni hivyo kwa kinyume: kifuko husogea ukingoni, kikaungana na utando, kikafunguka upande wa nje, na ndivyo vimeng'enya, vile viyeyushavyo chakula, vinavyofika katika mate yetu. Kazi hiyo yote, alikazia, inataka nguvu. Seli iliyoishiwa na nguvu haimezi wala haitoi.

Ilikuwa Ramadhani, na darasa karibu zima limefunga, yeye pia. Basi akaongeza neno moja la ziada, kama sisi walimu tunavyopenda: kwamba hata saa ile, pamoja na saumu zao, seli nyeupe za damu yao zilikuwa zikila vijidudu. Kufika jioni maneno yalikuwa yamezunguka mji mzima. Mwalimu amesema hakuna afungaye, watu wote wanakula ndani kwa ndani. Kesho yake madawati yalikuwa matupu, na wazazi wakaja shuleni pamoja na khatibu wa msikiti. Aliyetangulia kusema alikuwa mfanyabiashara wa mbata, zile nazi zilizokaushwa, baba wa msichana ambaye mwalimu alimtegemea kuliko wanafunzi wote. Tulikuwa na wasichana wachache mno, na huyu sote tuliamini angefika kuwa daktari.

"Mwalimu," alisema yule mzee, "mwana tumekupa umsomeshe, hatukukupa umharibie saumu yake."

"Shikamoo, mzee wangu. Hata mimi nimefunga," akajibu. "Saumu ni ya mtu, si ya seli."

Khatibu alifikiri, kisha akasema kwamba mtu akimeza mate yake mwenyewe havunji saumu, sembuse yanayotendeka ndani ya damu pasipo nia wala habari yake. Wazee wakacheka kidogo, wakaombana radhi, na wanafunzi wakarudi. Msichana yule hakurudi. Tuliambiwa mama yake hajisikii vizuri, baadaye tukaambiwa nyanya yake anahitaji mtu wa kumtazama.

Mwalimu akaanza kwenda kwao kila Ijumaa baada ya sala. Mwanzoni nilifuatana naye. Kwetu mtu hamkabili mwenziwe na haja yake akiwa ndiyo kwanza anavua viatu. Huketi, akauliza hali, akazungumza mvua na minazi, akangoja mwenyeji alifungue jambo mwenyewe. Ramadhani ikaisha, kahawa ikawa inaletwa. Binti mwenyewe ndiye aliyeileta, akaiweka, akasimama kidogo zaidi ya inavyohitajiwa, akaondoka. Shuleni tulimpa moyo mwenzetu, tukamwambia subira yavuta heri. Ikavuta mchumba kutoka Mkwiro. Siku yule mzee alipotualika harusini, mwalimu alishindwa kujizuia, akamwambia kwamba Ijumaa zote zile alikuwa akimjia kwa ajili ya masomo ya binti.

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mbona hukunena, mwanangu? Mimi nilikuwa nikingoja uniombe arudi shule. Siku ileile ya khatibu ningekupa. Sasa nimekwisha kutoa ahadi ya watu."

Tulirudi kwa miguu. Baada ya hapo alibadilika. Mwanafunzi akikosekana asubuhi, mchana mwalimu yuko mlangoni kwao, na kabla hajakaribishwa kiti ameshasema alichokijia. Watu wakamwita mkavu wa macho, mtu asiye na salamu, na wengine walikufa hawajamsamehe. Aliniambia mara moja kwamba inamchosha kuliko kufundisha, kwa kuwa kwenye kila mlango ilimbidi ajikunje upya, kama ule utando. Sikumwonea wivu. Adabu zetu nazipenda, nimelelewa nazo, lakini nimeona zinavyopitisha vitu vidogo kwa wepesi, hujambo, watoto hawajambo, mvua itanyesha inshallah, huku lile kubwa limesimama nje mwaka mzima na kila mtu anadhani ni zamu ya mwenziwe.

Mazikoni Mwabungo uani kulijaa wanawake wa makamo, wauguzi na walimu, mabinti wa nyumba zilizomwita mkavu wa macho. Yule aliyeolewa Mkwiro sikumwona, wala sikupata ujasiri wa kumuulizia. Nimechoka kuzika watu, na nimechoka zaidi kuzika maneno yaliyozuiwa kwa staha mpaka yakachelewa. Msomaji wangu, kama kuna mtoto wa mtu unayetaka kumwombea masomo kwa wazazi wake, nenda leo, na uombe kabla hujaketi.