Begi la Shule Ghorofa ya Thelathini na Nane

Wewe unayesoma hapa, umewahi kumpa mtu pole ya msiba, halafu ukagundua hakuna aliyekufa?

Mimi yamenikuta. Na kilichoniuma ni kwamba yule mtu alilia hata hivyo.

Naitwa Geesje. Shule niliishia ya msingi, kisha nikakamua ng'ombe kule Groningen mpaka mume wangu alipofariki. Sasa naishi Rotterdam, katikati ya mabenki na maofisi, kwenye jumba la vioo refu mpaka shingo inauma. Nyumba ni ya mwanangu Hilbrand, ila yeye yuko baharini na meli za mafuta. Mimi ndiye ninayemtunzia.

Starehe ipo, nisiseme uongo. Sakafu ina joto lake chini kwa chini, unatembea na soksi kama paka. Lifti inanukia ndimu. Mapokezi kuna vijana wa suti wanaokuita kwa jina lako.

Ila majirani tunajuana kwa viatu. Maana ndani ya lifti kila mtu anatazama chini.

Basi, asubuhi moja ya mwezi wa kumi nikafungua pazia, nikaona kitu kwenye roshani ya jirani.

Bendera ya taifa, imefungwa kwenye mti wa fagio. Na kwenye ncha ya ule mti linaning'inia begi la shule.

La mtoto mdogo. La waridi, lina picha ya sungura.

Nchini kwetu, kijana akifaulu mtihani wa kumaliza sekondari, wazazi wanapeperusha bendera na kutundika begi lake juu. Mtaa mzima unajua. Hata mpita njia asiyewafahamu anapiga kengele ya baiskeli kuwapongeza.

Lakini hiyo ni Juni. Si mwezi wa kumi, upepo unataka kukung'oa nywele.

Na bendera yenyewe haikuwa juu. Ilikuwa katikati ya mti.

Nusu mlingoti.

Nusu mlingoti ina maana moja tu. Kuna mtu amekufa.

Nikakaa kitako na kanzu yangu ya kulalia. Mtoto amefaulu, kisha amekufa. Hakuna namna nyingine ya kuisoma ile bendera.

Jumba letu haliruhusu kuanika hata kitambaa cha vyombo kwenye roshani. Kikundi cha wakazi kwenye simu kikawaka moto: nani katundika takataka zile, tunashusha thamani ya nyumba zetu, na kadhalika na kadhalika. Kisha mmoja akaandika, "Jamani, tazameni bendera iko wapi."

Hakuna aliyeandika tena.

Ndani ya lifti nikakutana na Bi Fenna, mwenyekiti wetu wa wenye nyumba.

"Umeona?" akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Ni yule binti wa jirani yako. Unamkumbuka? Mwenye vyuma vya meno."

"Aliyehamia Zwolle na mama yake?"

"Huyohuyo. Jorinde. Maskini ya Mungu."

"Kuna aliyekwenda kumpa pole baba mtu?"

Akanitazama kama nimetema mate sakafuni. "Bila miadi? Geesje, mtu amefiwa, unamgongea tu kama muuza mayai?"

"Kwetu muuza mayai ndiye anayetangulia kufika msibani."

"Kwenu kulikuwa na ng'ombe pia," akasema, akashuka.

Yule jirani anaitwa Wijnand. Mrefu, koti zuri, anauza na kununua hisa za watu. Siku zile akiingia kwenye lifti, watu walitoka. Kwa heshima, walisema. Wengine waliona afadhali wasubiri lifti nyingine kuliko kukutana na macho yake.

Nami nilikuwa miongoni mwao. Nilimwona kwenye ujia, nikajifanya natafuta funguo.

Lakini Jumamosi nikashindwa. Nikaoka keki ya siagi, ile kavu isiyo na krimu, tunayowakatia watu baada ya mazishi. Nikavaa viatu vyangu vyeusi. Saa nne, saa ya kahawa, nikagonga.

Akafungua na shati halijapigwa pasi.

"Bibi Geesje. Tulikuwa na miadi?"

"Hatukuwa nayo."

"Ah," akasema. Mwisho akasogea nikapita.

Meza ya watu kumi, sahani moja. Viti tisa bado vina zile karatasi laini za dukani miguuni.

Akamimina kahawa. Nikakata keki. Nikaushika mkono wake.

"Wijnand mwanangu, pole sana. Mungu amlaze binti yako pema."

Akaweka kikombe chini.

"Amlaze wapi?"

Nikauachia mkono wake.

"Bibi Geesje, nani kafa?"

"Bendera, mwanangu. Nusu mlingoti."

Akageuka kutazama dirishani. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Upepo," akasema polepole. "Fagio lingevunjika kama ningeifunga juu. Begi ni jepesi, lakini bendera..." Akajishika paji la uso. "Kwa hiyo ndiyo maana watu wananikimbia kwenye lifti? Nilidhani ni kwa sababu nimevunja sheria ya roshani."

"Jorinde yu hai?"

"Yu hai. Kafaulu. Mwezi wa sita."

"Sasa mbona umeitundika wiki hii?"

"Nimejua majuzi." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya dada yangu. Tumekaa duara na keki zetu, akasema, 'Jorinde alivyopendeza siku ya kupewa cheti!' Kana kwamba nilikuwepo. Na mimi nikacheka kana kwamba nilikuwepo."

"Na begi?"

"Alilisahau hapa alipokuwa na miaka saba. Sina lingine."

Hapo ndipo alipolia. Mtu mzima, koti lake la bei ghali limetundikwa mlangoni, analia juu ya keki ya msiba.

Nikamwacha alie. Kisha nikamuuliza, "Kwa nini hukwenda?"

"Sikualikwa."

"Wewe? Baba mzazi?"

"Mtu haendi asikoalikwa, bibi. Ndivyo nilivyolelewa. Nilijua ni mwezi wa mitihani. Nilikuwa naitazama simu asubuhi na jioni. Nikasema, akinitaka, ataniita."

"Mpigie."

"Sasa hivi? Bila kumtumia ujumbe kwanza?"

"Sasa hivi, kabla sijakupiga na hii sahani."

Akapiga, akailaza simu mezani, sauti wazi tusikie wote. Ikaita. Ikaita. Nikaanza kuogopa kwamba haitapokewa, na kwamba hatakuwa na ujasiri wa kupiga tena.

"Baba?" Sauti ya msichana, imejaa hofu. "Kuna nini? Nani kafa?"

Mnaona? Hata yeye. Kwetu simu isiyotanguliwa na ujumbe ni ya msiba.

"Hakuna aliyekufa," Wijnand akasema. "Nimesikia umefaulu."

"Mwezi wa sita, baba."

"Najua. Hongera, mwanangu. Mimi... mimi nilikuwa nangoja unialike."

Upande wa pili kimya. Kirefu. Kirefu kiasi kwamba naweza kuwapa neno langu humo humo.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, kungoja mwaliko ni adabu nzuri, lakini ni adabu ya mgeni. Kwa damu yako, gonga mlango. Wakikufukuza, utajua umefukuzwa. Ukingoja, hutajua kitu, na siku haitakungoja na wewe.

Ndipo Jorinde akasema, sauti ikikatika katikati.

"Nilikuwekea kiti, baba. Cha mbele, karibu na mama. Watu walikosa pa kukaa, wakaniomba mara mbili, nikawaambia kina mwenyewe. Nilikuwa natazama mlango mpaka wakaita jina langu. Sikukualika kwa sababu sikutaka uje kama mgeni. Nilitaka uje tu."