Mlima Usio na Kijito

Kamaria wa Mvouni hakumwamini mtu, wala hakuficha. Akikuuzia maziwa alikukazia macho unavyoyaonja, kana kwamba umeshapanga kusema yametiwa maji. Tusimlaumu sana. Miaka hiyo mamluki wa Kizungu wenye magwanda meusi ndio walioishika nchi, na kule chini mjini Moroni watu walizungumza bei ya samaki tu, tena kwa kunong'ona. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Kamaria, na majirani zake wote aliwahesabu humo.

Hata mlima hakuuamini. Ng'ombe wake walilisha kwenye miteremko ya Karthala, mlima wa moto, na mwaka mmoja kabla ya mamluki kuja aliuona moto wake ukishuka upande wa pili na kukimeza kijiji cha Singani. Wazee husema jini mmoja aliiba pete ya Nabii Sulemani, akaitupa kileleni, ikatoboa ardhi mpaka motoni. Kamaria aliongeza yake: majini wa shimo lile wana kiu isiyokwisha, ndiyo maana mvua hunyesha mchana kutwa na hakuna hata mchirizi unaoshuka. Walimu wa skuli walisema ni mawe yenye matundu yanayofyonza maji. Vyovyote iwavyo, mlima ule hauna kijito, na watu wa Mvouni hunywa mvua waliyoikinga birikani.

Huko mlimani ndiko alikokimbilia Saïndou, mwanawe wa pekee, mwanafunzi wa sekondari Moroni. Alikuwa amegawa karatasi za kuwalaani mamluki, na mwenzake mmoja alishakamatwa. Kamaria hakuthubutu kumfuata. Askari wawili walikuwa wakishinda karibu na msikiti, wakiuangalia mlango wake.

Jumatano moja baada ya alasiri kijana mgeni alibisha, suruali imelowa hadi magotini kwa unyevu wa majani.

"Kwezi, mama," alisalimu.

"Mbona, mwanangu," Kamaria aliitikia, bila kumpa kiti.

Akajitambulisha kuwa ni Zoubeir, mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, anasoma na Saïndou. Akashusha sauti. "Nimetoka kwake leo. Maji yamemwishia. Anasema Ijumaa, watu wakiwa msikitini, umpelekee kwenye banda la juu la ng'ombe."

Kamaria alitamani kuuliza kama mtoto amekonda, kama anakohoa. Lakini mgeni yeyote, awe nani, kwake aliulizwa kwanza habari ya sala.

"Adhuhuri umeisali wapi?"

"Huko huko juu, mama. Nilitawadha kijitoni."

"Kijito gani?"

"Kile... kinachopita karibu na msitu."

Kamaria alishawahi kwenda Mutsamudu harusini, akauona mto ukikatiza mji na wanawake wakifua humo. Mtu wa kule hawezi kuuwaza mlima mkavu. Lakini aliyeukanyaga Karthala kweli angejua! Na kama kijito kipo, Saïndou anaombaje maji? Njia ya mwongo ni fupi.

"Mwanangu yuko Madagaska kwa mjomba wake," alisema. "Waambie hivyo waliokutuma."

"Mama, wallahi..."

"Usimtaje Mungu mlangoni kwangu. Toka!"

Ijumaa alijaza dumu, akalibeba mpaka uani, akasimama nalo, kisha akayarudisha maji birikani. Hofu ilimshinda. Jioni Saïndou alishuka mwenyewe, midomo imepasuka kwa kiu, na askari walimkamata kwenye birika la msikiti kabla hajamaliza kata moja.

Kamaria alilia, halafu akasema. Alimwambia kila mteja wa maziwa kwamba Zoubeir ndiye aliyemuuza mwanawe. Maneno yalifika soko la Moroni, yakavuka bahari hadi Mutsamudu. Skulini Zoubeir alikimbiwa kama mwenye ukoma. Akaacha masomo, akarudi kwao Patsy, kijiji cha karibu na Mutsamudu, na huko nako wazazi wa mchumba wake wakarudisha posa. Kamaria alipopata habari hizo alimshukuru Mungu kwa sauti.

Saïndou alifunguliwa baada ya miaka miwili, akiwa hana meno mawili ya mbele. Kamaria alimchinjia mbuzi, akakaa naye mkekani kumtazama anavyokula.

"Mama," Saïndou aliuliza, "Zoubeir walimkamatia njiani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nilimtuma kwako. Alipanda tangu alfajiri kunitafuta, yeye peke yake katika wenzangu wote. Sikuwa na maji hata ya kumpa atawadhe, kutayamamu hatukukumbuka, sala ikampita. Nikamwonya: mama atakuuliza umesali wapi, na ukisema hukusali hatakusikiliza. Mdanganye tu." Akacheka, akaziba pengo kwa mkono.

Kamaria aliacha kumtazama.

"Alifika," alisema. "Nilimfukuza."

Saïndou alirudisha tonge sahanini.

"Gerezani waliniambia Zoubeir ameniuza," alisema. "Nikawabishia miaka miwili. Nani aliyewatangazia watu maneno yale?"

Kamaria alitafuta jina. Maisha yake yote hakuwahi kukosa jina la mtu wa kumtupia lawama.

"Mimi," alisema.